Kabla ya Ndoo ya Rangi

Wanangu, kila Desemba mnapanda mlima huku kwetu wilayani Same. Mabasi ya kutoka Dar na Arusha yanajaa, na Krismasi ikikaribia barabara ya kwenda Chome na ile ya Mbaga zinapitisha magari ambayo mwaka mzima hatuyaoni. Mnafungua nyumba zilizofungwa tangu Januari, mnatoa magodoro juani, na kabla mbuzi hajachinjwa mmeshanifikia. Shikamoo babu, marahaba, na swali ni lile lile: ukuta wa chumba cha watoto umefanya doa, tununue rangi gani?

Swali hilo sina jibu lake. Rangi haikuleta doa na haitaliondoa. Nimekuwa mwashi tangu ujana, nimejenga mlimani na nimejenga tambarare, na ninachowaomba ni kimoja: kabla hamjanionyesha doa liko wapi, niambieni limekuja lini. Masika au kiangazi? Mvua ikinyesha au siku ya tatu baada ya mvua kukatika? Asubuhi ya baridi au saa zote? Maji yaliyojificha ndani ya nyumba ni nadra kujionyesha pale yalipoingilia. Yanaingia kwenye kofia ya bati, yanatambaa juu ya papi, yanateremka na kenchi, yanapita nyuma ya silingibodi, na doa linatokea upande wa pili wa chumba. Ukifuata mahali utapaka rangi mpaka uchoke. Ukifuata wakati, utafika kwenye tundu.

Wazee wetu waliolinda ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia, walilijua hilo bila kipimo chochote. Ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yaende mashambani, kwa hiyo maji yakipungua usiku bila kufunguliwa, mtu anajua kuna mahali yanapita. Kiangazi kilipokaza walishuka chini ya tuta kutafuta kipande cha majani kilichobaki kibichi wakati mengine yote yamekauka. Lakini hawakuchimba pale penye ubichi. Walirudi juu kwenye tuta. Doa la ukutani kwenu ndilo hayo majani mabichi, na nyinyi kila mwaka mnayafyeka.

Kwanza mjue mnajenga nchi gani. Upepo wenye mvua unatoka Bahari ya Hindi, unapanda milima yetu kwa upande wa Gonja, unamwaga mzigo wake huko juu, na ukishafika Same, upande wa machweo, umebaki mkavu. Ndiyo maana mtu wa Chome anavaa sweta wakati wa Same anatafuta kivuli, na msitu wa Shengena, ambao kilele chake kinapita mita 2,400, unaweza kushinda ndani ya ukungu wakati huku chini ya mlima vumbi linatimka kuelekea Mkomazi. Nchi hizi mbili zinatenganishwa na mwendo wa gari wa saa chache tu, ila unyevu wake hauna tabia moja. Mlimani unajitangaza: viatu vinaota kuvu kabatini, chumba kinanuka udongo, mlango unavimba na kukataa kufunga. Same unajificha. Hewa kavu na upepo vinanyonya maji usoni pa ukuta kabla mkono wako haujayahisi. Ukuta unaweza kuwa umelowa ndani na nje unatoa vumbi. Mtu anapapasa, anasema mkavu kabisa huu babu, na kwa kweli anachopapasa ni ganda tu.

Kwa hiyo Same msitafute maji. Tafuteni chumvi. Udongo wa tambarare yetu umejaa madini yanayoyeyuka. Pale Makanya wanachimba jasi hadi leo, na malori yanayoibeba mnapishana nayo barabara kuu. Maji ya ardhini yanapanda yenyewe kupitia vitundu vidogo vya tofali na lipu, kwa kawaida hayapiti sana kimo cha mita moja, na yakifika usoni yanakauka. Maji yanaondoka na upepo, chumvi inabaki. Ndio huo unga mweupe mnaouona juu kidogo ya sakafu, lipu ikimeguka kwa vipande vyembamba na rangi ikijiinua. Usiupanguse kwa kitambaa kibichi, maana utaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Tumia brashi kavu, kisha chukua penseli ya fundi, chora mstari pale juu unga ulipoishia, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya masika uangalie. Mstari ukivukwa, maji bado yanapanda. Unga usiporudi kabisa, ulikuwa unyevu wa zamani, labda wa wakati wa ujenzi wenyewe, na ukuta umeshamaliza kujitoa. Kazi hiyo inagharimu penseli, na bado sijaona wengi wakiifanya.

Mkikuta maji yanapanda, msikimbilie kubomoa lipu. Tokeni nje mtazame ua. Fundi mzuri aliweka nailoni nzito juu ya msingi, ile mafundi wanayoiita dipisii, na akaacha ardhi ya nje chini yake kwa kama sentimita 15. Halafu miaka mitano baadaye mkapata fedha, mkaleta kifusi, mkatandika pevingi za rangi mbili, ua ukapanda. Sasa udongo umeipita nailoni na maji yanaingia ukutani kwa juu yake, kana kwamba haikuwekwa. Nyumba ilikuwa nzima mpaka siku mlipoipendezesha. Hapo ukiuliza lini, jibu lenyewe linakupeleka kwenye pevingi.

Halafu kuna maji ya mchirizi. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Same ni mvua moja nzuri ya alasiri, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 inatoa lita 2,000. Zote hizo zinashuka ukingoni mwa bati katika muda mfupi, na kama hamkufunga mifereji zinapiga ardhi na kurukia ukuta. Mkifunga mifereji na kuweka tenki, vema, lakini tenki likijaa hufurikia wapi? Nimeona matenki mengi ambayo bomba la kufurikia limeelekezwa kwenye kona ya msingi. Mwenye nyumba anavuna maji ya mvua kwa mkono mmoja na kuyanywesha ukuta kwa mkono wa pili. Mchwa nao hawachelewi. Tambarare yetu ni nchi yao, na mbao yenye unyevu huwaita kuliko iliyo kavu. Ukiona njia yao ya udongo inapanda ukutani, ifuate kwenda juu. Mara nyingi itakufikisha kwenye mbao iliyolowa kabla ya chombo chochote cha kupimia.

Tupande darini sasa. Siku ya jua kali, saa sita mchana, ingia juu ya silingibodi, funga mlango wa dari, zima tochi, kaa kimya mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la msumari lililokosa mpira wake litakuonyesha nukta ya mwanga. Zihesabu na uziwekee alama ya chaki kwenye papi. Mpira wa msumari wa bati hauishi milele. Jua linaukausha, unapasuka, na bati linalopanuka mchana na kujikunja usiku linaulegeza msumari kidogo kidogo. Msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni ni kosa la fundi tangu siku ya kwanza, maana ndiko maji yote yanakopita. Lakini mjue mwanga hauonyeshi kila kitu. Pale bati mbili zinapopishana, maji yanaweza kupanda kinyume yakisukumwa na upepo, na hapo jua halipenyi. Basi washa tochi tena, utazame mbao. Maji yakipita mara nyingi huacha mstari mweusi, na msumari ulioshika mbao hufanya duara la kutu. Chukua bisibisi, uchome polepole. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inakubali.

Kama bado hujapata, leta maji wewe mwenyewe. Mmoja apande juu na mpira au ndoo na jagi, mwingine akae darini na tochi na simu. Anza kumwagia chini, ukingoni, subiri dakika kumi hivi, kisha panda kidogo, subiri tena, mpaka kwenye kofia. Wengi huanza juu kwa sababu ndiko wanakoshuku. Maji yakimwagwa juu yanateremka na kupita kila penye tundu, na wa darini akipiga kelele kwamba yameingia hamjui yameingilia lipi. Najua Same maji ni ya kubania. Hata hivyo ndoo chache ni nafuu kuliko kung'oa bati ambazo hazina kosa.

Mlimani kuna jambo jingine, nami nataka mlisikilize vizuri kwa sababu limewalia watu fedha nyingi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya baridi, mbingu safi, hakuna mvua wiki nzima, na bati linadondosha maji kitandani. Mwenye nyumba anaita fundi. Fundi anapanda, anapiga lami kila msumari, anachukua chake. Kesho yake asubuhi maji yanadondoka vile vile. Bati hilo halivuji, linatoka jasho. Usiku wenye anga wazi linapoa kuliko hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo imebeba pumzi za watu waliolala, mvuke wa jiko na unyevu wa nguo zilizoanikwa ndani. Ikigusa bati, mvuke unarudi kuwa maji. Kulitambua ni rahisi ukiamka mapema, kabla jua halijapiga paa: panda na tochi utazame ncha za misumari upande wa ndani. Kama kila ncha ina tone lake, paa zima, kuanzia ukingo mpaka kofia, hilo ni jasho. Tundu linadondosha mahali pamoja, na huacha njia. Dawa ya jasho ni hewa ipite: matundu kwenye gebo pande zote mbili, na jiko litoke nje au lipate bomba la moshi. Nyumba za nyasi za babu zetu hazikuwa na tatizo hili, ingawa msinisikie nikizisifia kupita kiasi. Zilivuja sana, na moshi uliokausha miti ndio huo huo ulioharibu macho ya bibi zetu.

La mlimani zaidi ni ukuta wa nyuma. Kule kwetu, Vudee, Suji, Mamba, uwanja wa nyumba haupatikani bure. Unachonga mlima kupata tambarare ndogo, na ukitaka vyumba viwe vikubwa unasogeza ukuta wa nyuma mpaka uguse ukingo uliochonga. Udongo unaegemea tofali. Masika inanyesha, mlima unakunywa, na maji yanasafiri ndani ya udongo kwa mwendo wake. Mvua imekatika Jumatatu, ukuta unaanza kulowa Alhamisi, na unaendelea kulowa wakati jua limeshawaka na majirani wanaanika kahawa. Ndiyo maana mwenye nyumba anapinga kabisa kwamba ni mvua. Anasema, babu, wakati inanyesha ukuta ulikuwa mkavu. Sawa, na mimi ndicho nilichotaka kukisikia. Paa haliwezi kungoja siku tatu, mlima unaweza. Dalili nyingine ni kwamba unyevu wa namna hii haufuati kimo cha mita moja. Unaweza kuanzia kifuani au juu zaidi, kufuatana na tabaka la udongo linalobeba maji huko nyuma. Chimba shimo la urefu wa mkono nyuma ya nyumba, lifunike mvua isiingie kwa juu, ulitazame kesho na keshokutwa. Likijaa kutoka pembeni, una jibu.

Na hapo hakuna rangi wala dawa ya kopo itakayoshinda mlima. Achanisha ukingo na ukuta, hata kwa upana wa mtu kupita kiubavu, chimba mfereji ulio chini kuliko sakafu yako, ujaze mawe, uyapeleke maji pembeni mpaka yaipite nyumba. Kazi ya jembe na sururu tu. Ila chungulieni na mlima wenyewe mkiwa huko. Ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwepo, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama: hayo si mambo ya lipu tena. Novemba 2009 mvua kubwa ilishusha mlima kijiji cha Goha, huku huku kwetu wilaya ya Same, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mkiona dalili hizo, msiite mwashi. Toeni watu ndani ya nyumba, kisha mwende kwa mtendaji wa kijiji.

Unyevu usiojali msimu, ule ulio sawasawa Februari na Mei, huo ni wa bomba. Funga koki zote usiku, piga picha namba za dira, usimruhusu mtu kuchota, piga picha tena alfajiri. Namba zikisogea, maji yanakwenda mahali. Kwa bomba la choo lisilopita kwenye dira, mwaga maji yenye rangi ya chakula ungoje uone yanatokea wapi.

Vijana wa siku hizi mnapenda vyombo, nami sivikatai. Kuna kipimo chenye sindano mbili ambacho unakichoma ukutani nacho kinakupa namba. Kinachopima hasa ni jinsi umeme unavyopita kati ya sindano hizo. Kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na kwenye mbao mnaweza kukiamini: ikipita asilimia 20 anza kuwa na wasiwasi, ikifika karibu na 30 kuvu wa kuozesha wako nyumbani kwao. Kwenye ukuta wa tofali namba ile haina maana peke yake. Linganisha sehemu na sehemu, tena chora ramani yake. Na Same kuweni waangalifu maradufu, kwa sababu chumvi nayo inapitisha umeme. Kipimo kitapiga kelele kwenye ukuta uliokauka miaka mingi, na mtu wa kuuza dawa za ukuta atafurahi sana kukuonyesha. Kuna na kamera ya joto, ambayo mainjinia wa mjini wanakuja nayo. Hiyo haioni maji hata kidogo. Inaona joto tu, na penye maji yanayokauka pana ubaridi. Ipigeni jioni, ukuta ukiwa unatoa joto la mchana, ndipo tofauti inapoonekana; kivuli cha mti au upepo wa dirishani vinaweza kuchora doa lile lile. Kabla ya kumlipa mwenye kamera, jaribuni mgongo wa kiganja. Unahisi ubaridi kuliko ncha za vidole.

Kipande cha nailoni nacho ni kipimo. Kata cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani au sakafuni kwa gundi pande zote nne bila kuacha mwanya, kiache mchana na usiku. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka kwenye ukuta. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba inayotua juu ya kitu baridi, na unachohitaji ni dirisha.

Sasa niseme la nyumba za paa la kuficha, mnajua nimekuwa nikilingojea. Zimeshapanda mpaka Same na sasa nazikuta mlimani. Ukuta umeinuliwa juu kuzunguka nyumba nzima, bati limelazwa karibu sawa na meza, na maji yote yanaelekezwa kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta. Picha yake ni nzuri, sibishi. Lakini paa la zamani likizidiwa na maji, maji yanadondoka nje. Paa hili likizidiwa yanadondoka sebuleni. Jani moja la mparachichi likiziba tundu la mfereji, mvua ya saa moja inatosha. Na kwa sababu mfereji hauonekani, hakuna anayeuzibua. Kama mmeshajenga, mtu apande kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mwaka, azibue kwa mkono. Kama hamjajenga, na mnajenga Chome, basi mimi nawaambia wazi kwamba namna hiyo ya paa haikufikiriwa kwa ajili ya mvua zetu.

Ndani ya nyumba hizo ndimo kuna dari la jipsamu, nayo ni jasi ile ile ya Makanya au ndugu yake, imesagwa ikamiminwa kwenye kalibu. Jiwe hilo linakunywa maji na huyeyuka kidogo kidogo. Linavimba, linashuka katikati, na siku moja linaanguka zima. Kabla ya hapo linaandika habari zake. Kila lilipolowa na kukauka limeacha duara la rangi ya chai ukingoni mwa doa. Maduara matatu, moja ndani ya jingine, maana yake angalau mara tatu, na pengine nyinyi mnasema doa ni la juzi.

Nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja inahitaji maneno yake. Vuli inaanza Oktoba, nyinyi mnakuja Desemba. Kwa hiyo tundu dogo linapata miezi miwili ya kufanya kazi bila shahidi, na madirisha yamefungwa hewa haipiti. Mwachieni jirani ufunguo, tena jirani mnayemlipa kitu, afungue madirisha siku za jua na apite ndani mara tu mvua ya kwanza inapokatika. Mpeni daftari na kalamu. Aandike tarehe, mvua ilikuwa namna gani, ameona nini, ukuta upi. Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko picha ishirini za simu mnazonitumia zikiwa hazina siku.

Na msimwekee huyo jirani magunia ya mahindi yakiwa yameegemea ukuta. Gunia linanyonya unyevu wa ukuta, kuvu anaota ndani usimwone, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, si hadithi. Weka chaga, acha nafasi ya mkono kati ya gunia na ukuta. Mkitaka kujua mahindi yenyewe yamekauka, tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, yaache yatulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana maji, yarudi juani. Hata wenzetu wa tangawizi kule Mamba Miamba wanajua kwamba chumba cha kuhifadhia kikiwa na ukuta mbichi, hasara imeshaingia kabla ya mnunuzi.

Watoto wenye pumu au kikohozi kisichoisha, msiwalaze chumba chenye doa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na linaungana na kile ambacho mama zenu walikijua. Na ukigusa ukuta au koki ukahisi shoti, zima swichi kuu kwanza, halafu fundi umeme mwenye leseni ndiye aje kabla yangu.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa mafundi wenzangu ni kuufungia unyevu ndani. Ukuta wa udongo au wa tofali za kuchoma unapumua. Unapokea maji na kuyatoa. Mkiupiga lipu ya saruji nzito, skimu juu yake, kisha rangi ya mafuta, au mkafunika kwa paneli za plastiki ili wageni wasione, maji hayajaisha, yametafuta njia ndefu zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejifunza hilo kwa gharama. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na zilipoanza kuzibwa kwa saruji unyevu ulibaki ndani ukaendelea kula chokaa na boriti. Wakarabati wa huko leo wanarudi kwenye chokaa. Beit al-Ajaib, jumba la huko huko lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo. Sidai kwamba sababu ilikuwa moja, ila jengo la zaidi ya miaka 130 haliangushwi na kosa la siku moja, na miaka minane kabla ya hapo roshani yake ilikuwa imeshaanguka kipande. Kwetu chokaa inapatikana Tanga, si mbali. Ukuta wa zamani uupigie hiyo.

Mkishaziba tundu, ngojeni. Ukuta mnene haukauki kwa wiki. Mafundi wengi huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene, na mlimani pengine zaidi. Najua likizo yenu ni ya siku chache na mnataka kupaka kabla ya kushuka. Msipake. Acheni ukuta uliobomolewa lipu ukae wazi mpaka Juni, jirani apige mstari wa penseli, apige nailoni, ndipo fundi rangi aitwe.

Na huyo fundi bati mnayemlipa yote siku anayoshuka kwenye ngazi, badilisheni. Mpeni sehemu kubwa akimaliza, maana naye ana watoto, lakini sehemu ya mwisho aipate baada ya mvua ya kwanza ya kweli, jirani akiwa amepita darini na tochi. Mwandikishane naye mbele ya balozi wa nyumba kumi. Fundi akikataa masharti hayo, mtafuteni mwingine. Same mafundi hawajaisha.